Feza ya Wengi, Sanduku Moja: Habari ya Vyama vya Ushirika



Toka zamani za Waungwana, Maniema ni inchi ya mpunga. Lakini mulimaji anayeuza gunia lake peke yake kando ya Lualaba hana bei. Bei anayo mnunuzi. Chama cha ushirika kilizaliwa katika taabu hiyo.

Mwaka 1925 walimaji wa kahawa wa Kilimanjaro, katika Tanganyika, walianza chama chao. Mwaka 1933 kikageuka muungano wa vyama, KNCU. Kawaida ya ushirika ni hii: kila mmoja analeta mavuno, chama kinauza yote pamoja, kinatoa gharama, na faida inayosalia inarudi kwa kila mtu kwa kipimo cha alicholeta. Mkutanoni, mwenye hisa kumi na mwenye hisa moja wana sauti sawasawa.

Kwetu Kongo, Wabelgiji waliupa ushirika kanuni kwa dekreti ya tarehe 24 Machi 1956. Si ajabu kama wazee waliokwisha kulimishwa pamba kwa lazima hawakuikimbilia.

Baadaye vikaja vyama vya akiba na mkopo, vile tunavyoviita COOPEC. Hapa nikawie kidogo, maana uchungu ungalipo. Watu waliweka makuta kwa makuta. Desemba 1979 Serkali ya Mobutu ikafuta noti za zaire 5 na 10. Mwaka 1993 zaire 3 000 000 zikawa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100 000 zikawa franka moja. Piga hesabu mwenyewe: kwa franka moja tu, zaire za kale milioni 300 000! Wengi husema karani aliiba. Wako walioiba, ndiyo. Lakini hata sanduku la karani mwaminifu lilibaki na karatasi tupu. Kwa maoni yangu, ushirika wa mazao ungelinda jasho la watu vizuri zaidi, kwani mpunga haufutwi kwa amri.

Tuangalie majirani. Mwaka 2003, huko Kalehe, walimaji wa kahawa walianza SOPACDI. Mbele ya hapo wengi kandokando ya ziwa Kivu walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda, na wengi wakazama. Chama kilipopata kiwanda cha kuoshea kahawa na wanunuzi wa Ulaya, wakapata pa kuuzia mchana.

Toka 2012 Kongo imo katika sheria za OHADA. Kwa sheria hizo watu watano wanatosha kuanzisha chama kidogo, na kila mwaka hesabu lazima zisomwe mbele ya wanachama wote.