Toleka, mila tuliyoizaa sisi

Mutu akiuliza mila ya Kisangani, tunamuonyesha mitego ya Wagenia kwenye maporomoko. Ni sawa. Lakini tunasahau toleka, ile baiskeli ya kubeba watu. Kwa Lingala jina lake ni «tupite». Miaka ya 1990, magari yalipokosekana, ndiyo ilibeba abiria, makala na mihogo. Kisha majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana mjini siku sita, 5 hadi 10 Juni 2000. Mamia ya raia walikufa, na mji ukaendelea kutembea kwa pedali.

Leo pikipiki zimechukua abiria, wanyongaji wa zamani wamezeeka. Tuwafanyie sherehe kando ya mto Kongo: wao wapite mbele, sisi tufuate kwa miguu. Mila si ya mababu tu. Ingine tumeizaa sisi wenyewe.