Unataka kusoma akiolojia? Hii ndiyo kazi inayokusubiri shambani

Mkulima wa Dakawa akikuta kigae cha chungu au bonge jeusi, zito kuliko jiwe, kawaida hulitupa pembeni ya shamba na kuendelea na jembe lake. Kwa mwanafunzi wa akiolojia, hapo ndipo kazi inaanza.

Dakawa ipo kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, karibu na mto Wami. Mwaka 2000, Randi Haaland wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, na mwenzake Msuya walichapisha utafiti kuhusu watu walioishi hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Walifinyanga vyungu, walifua chuma na kufanya biashara. Yale mabonge meusi ni mavi ya chuma, yaani takataka za tanuri. Vyungu vyao vina nakshi za pembetatu kama zinazopatikana pwani hadi Unguja Ukuu. Kumbe bara na pwani walijuana zamani sana, kabla hata ya misafara ya karne ya 19.

Unasomea wapi? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilichoanzisha fani hii nchini, mwaka 1985. Morogoro ina SUA na Mzumbe, ila hivyo vinajulikana kwa kilimo na utawala.

Sasa vitendo. Usidhani unafika na kuanza kuchimba. Kwanza mnatembea, mmejipanga mstari, macho chini, saa nzima juani. Kila kigae kinaandikwa na GPS. Halafu mnapima mraba kwa kamba, mara nyingi mita 1 kwa 1, na kushuka taratibu, sentimita 10 kila hatua, kwa mwiko uleule wa fundi ujenzi. Udongo wote unachekechwa. Kila kilichopatikana kinaingia kwenye mfuko wenye lebo: mraba gani, kina gani, tarehe gani.

Lebo ikipotea, kigae hicho hakina kazi tena. Thamani yake ni mahali kilipolala, na ukishachimba huwezi kurudisha. Kipande cha mkaa kando ya tanuri kinaweza kupimwa kaboni 14 na kutoa umri, lakini kama hujui kilitoka tabaka lipi, umepima mkaa tu.

Milima ya Uluguru inafundisha somo jingine. Mvua inateremsha udongo, na vigae vinashuka nao, hivyo ulichokiokota bondeni huenda kilitoka juu kabisa. Pia usikimbilie kuita kila ngazi ya mlimani ya kale. Nyingine ni makinga maji ya miaka ya 1950, kazi ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru, wakaikataa kwa vurugu mwaka 1955. Nayo ni historia, ila ya juzi.

Wazazi watauliza ajira. Ukweli, nafasi si nyingi: makumbusho, Mambo ya Kale, vyuo, utalii, na tathmini za mazingira kabla ya miradi mikubwa kama barabara na mabwawa. Hizo tathmini ndizo ningeziangalia zaidi, maana greda likipita, hakuna wa kuuliza tena.

Adui mwingine ni stori za “mali ya Mjerumani”. Watu wanachimba usiku kutafuta dhahabu, wanaharibu matabaka na kuondoka mikono mitupu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya kabla ya 1863, na huruhusiwi kuchimba bila kibali, hata kama shamba ni la babu yako.

Ukikutana na kitu cha namna hiyo, usikioshe wala kukihamisha. Weka kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, piga picha, hifadhi lokesheni kwenye simu, kisha mpelekee afisa utamaduni wa wilaya.