Freifunk: mafunzo ya kuunda nodi

Freifunk ni vuguvugu la mitandao ya jamii isiyotumia waya lililoanza Berlin, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Linajulikana hasa kwa kuwafundisha wakazi wa kawaida kujiundia nodi zao wenyewe. Nodi ni rauta ndogo ya Wi-Fi iliyobadilishwa programu yake ya ndani. Hupokea data kutoka kwa nodi jirani na kuipitisha mbele, hivyo mtandao wa meshi hukua kadiri watu wanavyoongeza vifaa madirishani na juu ya mapaa. Hauna mmiliki mmoja.

Asili

Baada ya Ujerumani kuungana tena mwaka 1990, sehemu za Berlin Mashariki zilitandazwa mikongo ya faiba. Maendeleo hayo yaligeuka kikwazo: intaneti ya DSL ilipokuja ilihitaji nyaya za shaba, na wakazi wa mitaa kama Friedrichshain wakakosa intaneti ya kasi. Mwaka 2002 wanaharakati wa Berlin walikutana na wenzao wa Consume, mradi wa London ulioanzishwa mwaka 2000. Mazungumzo hayo yalizaa Mkataba wa Pico Peering, hati fupi inayomtaka kila mwenye nodi apitishe data za wengine bila malipo na bila kuzichezea. Mkataba hauahidi kasi wala uhakika wa huduma, jambo linalowashangaza wengi wanaoanza.

Vifaa

Rauta iliyofungua njia ni Linksys WRT54G. Mwaka 2003 iligundulika kwamba inaendeshwa na Linux, mtengenezaji akalazimika kutoa msimbo wake kwa mujibu wa leseni ya GPL, na mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukazaliwa juu ya msimbo huo. Baadaye TP-Link WR841N ikawa kipenzi cha madarasa kwa sababu ya bei yake. Kumbukumbu yake ya 4 MB na RAM ya 32 MB hazitoshi tena: OpenWrt iliacha kuvihudumia vifaa vya kiwango hicho baada ya toleo la 19.07. Miongozo ya zamani bado inaisifu, na anayeinunua leo kwa kuifuata hupoteza fedha. Kinachofaa sasa ni kifaa chenye angalau 16 MB na RAM ya 128 MB.

Mafunzo

Darasa mashuhuri zaidi ni WaveLöten, mkutano wa Jumatano jioni katika klabu ya c-base, kando ya mto Spree. Halina mtaala wala cheti. Mgeni huja na rauta yake na hukaa karibu na anayejua.

Kazi ya kwanza ni kusoma kibandiko kilicho chini ya kifaa. Matoleo ya modeli moja huweza kufanana kwa sura ilhali vipuri vya ndani ni tofauti, na programu isiyo yake inaweza kukiua kifaa. Mwanafunzi hukiflashi, yaani hukipakia programu mpya, kupitia ukurasa wa mtengenezaji. Kikigoma, hufufuliwa kwa kebo na itifaki ya TFTP. Gluon, zana iliyobuniwa na wanajamii wa Lübeck, imerahisisha yaliyobaki: mtu hujaza jina la nodi, mahali ilipo, kiasi cha intaneti anachokubali kugawa na namna ya kumpata, kisha huiwasha upya. Ni kazi ya dakika chache.

Ugumu halisi uko juu ya paa. Wanaoanza hudhani kwamba kuona paa la pili kunatosha. Kwa masafa ya 2.4 GHz, kiungo cha kilomita 1 huhitaji uwazi mpana: katikati ya njia, ukanda wa Fresnel, yaani nafasi ambayo mawimbi huhitaji kupita, una nusu kipenyo cha mita 5.6 hivi, na asilimia 60 ya upana huo isizibwe. Kiungo kilichofungwa Januari, miti ikiwa mitupu, huweza kufa Mei majani yakichanua.

Kosa lingine la kawaida ni kuiacha rauta sebuleni na kuvuta kebo ndefu ya antena hadi paani. Mawimbi hupotelea ndani ya kebo hiyo. Darasa hufundisha kinyume chake: rauta ipande juu pamoja na antena, ndani ya sanduku lisilopitisha maji, na kebo ya mtandao ibebe umeme pia. Katika kebo ya Mb 100 kwa sekunde, jozi ya bluu na ya kahawia hazitumiki, nazo ndizo zinazopewa kazi hiyo. Kebo huachiwa kitanzi chini ya sanduku ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuifuata hadi ndani. Mlingoti huunganishwa na ardhi kwa kuhofia radi. Ruhusa ya mwenye nyumba ni somo la peke yake, na huchukua muda mrefu kuliko yote.

Antena ya kopo

Zoezi la kutengeneza antena kwa kopo lina faida ndogo siku hizi, lakini hupendwa. Kopo la kipenyo cha sentimita 8.3 hutobolewa sentimita 6.2 kutoka kitakoni, kisha hufungwa kiunganishi cha aina ya N kilicholehemewa kipande cha waya wa shaba chenye urefu wa milimita 31.

Itifaki

Nodi huchagua njia ya kupitisha data kwa kufuata itifaki. OLSR ilitangulia, na kuanzia mwaka 2006 wanajamii wa Freifunk wakaunda nyingine, B.A.T.M.A.N.

Sheria

Sheria ya Ujerumani iliwahi kumbebesha mwenye nodi lawama kwa makosa ya wageni waliotumia intaneti yake. Freifunk ikajikinga kwa kuipitisha data kwa VPN hadi Uswidi. Mabadiliko ya mwaka 2017 yalipunguza mzigo huo usio wa haki, na somo la VPN likapungua uzito.

Kwingineko

Mtandao wa Guifi.net wa Katalunya, ulioanza mwaka 2004, ni mkubwa kuliko mingi ya aina yake. Huko Red Hook, Brooklyn, ambako vijana wamefundishwa kufunga nodi, wakazi waliutumia mtandao wao baada ya kimbunga Sandy mwaka 2012. AlterMundi ya Argentina ilichagua njia ngumu zaidi, ya kusanifu rauta yake yenyewe, LibreRouter. Mradi wa FabFi ulitengeneza viakisi vya antena kwa mbao na waya wa kuku huko Jalalabad, Afghanistan, ukafika pia Kenya. Jijini Nairobi, TunapandaNET huunganisha shule na vituo vya vijana vya Kibera.

Hali ya sasa

Freifunk ina mamia ya vikundi katika miji ya Ujerumani. Mwaka 2015 wanachama walifunga nodi katika makazi ya wakimbizi.