Saruji ya kinywani

Daktari wa meno akisema taji la jino litashikizwa kwa saruji, mgonjwa huwaza mfuko wa kilo 50. Neno ni la Kiajemi: huko Uajemi saruji ilikuwa chokaa ya kuzuia maji, iliyopakwa kuta za mabirika. Kinywani, basi, halijapotea njia. Wengine husema "gundi", mimi silipendi. Gundi hunata, ilhali saruji ya zinki fosfeti huganda tu ndani ya vijikwaruzo na kukaza. Saruji hiyo hutumika pia juu ya kipandikizi cha titani, yaani mzizi bandia, na huko taji la zirkonia halivunjiki ovyo. Balaa ni saruji iliyovujia chini ya ufizi. Isipoondolewa, ufizi huvimba, hutoa usaha, na mfupa hulika. Ndiyo maana madaktari wengine hulifunga taji kwa skrubu.