Kokoa ya Kyela

Kokoa ndiyo zao kuu la biashara wilayani Kyela, mkoani Mbeya, kwenye bonde lenye joto na mvua nyingi kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mikokoa hupandwa kwenye kivuli cha migomba, hivyo kaya hupata chakula na fedha katika shamba lilelile. Mbegu huvundikwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa. Hatua hiyo ndiyo huipa kokoa ladha na bei. Mkulima mwenye shida ya haraka huiuza mbichi kwa walanguzi, na faida humponyoka. Kukomesha ulanguzi huo, mauzo yalielekezwa kwenye vyama vya ushirika, mfumo wa stakabadhi ghalani na minada. Mwaka 2024 bei ya kokoa duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani.