Kuongezea spika ndogo sabufa: mambo ya kuzingatia kabla ya kuchanga fedha

KATIKA makanisa ya mabati yaliyotapakaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kuanzia viunga vya mji wa Embu hadi Maua katika milima ya Nyambene, aghalabu sauti yote hutegemea spika moja ndogo ya kubebeka, yenye betri, magurudumu na maikrofoni mbili. Spika hiyo hiyo huazimwa kwa mazishi katikati ya wiki na kwa sherehe ya mahari siku ya Jumamosi. Haupiti muda mrefu kabla ya mpiga kinanda kulalamika kwamba besi haisikiki, na waumini wakaombwa kuchangia ununuzi wa sabufa.

Malalamiko hayo yana msingi. Sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia kama hezi 85, na spika yenye koni ya inchi 8 au 10 huimudu vyema. Uzi mnene kabisa wa gita la besi, kwa upande mwingine, hutetema kwa hezi 41. Ili sauti iliyoshuka oktavo moja isikike kwa nguvu ile ile, koni hulazimika kusogea mara nne zaidi, jambo lisilowezekana kwa koni ndogo. Ndiyo maana sabufa huwa na koni ya inchi 12, 15 au hata 18, ndani ya kasha kubwa na zito. Wachuka, wanaoishi kati ya Meru na Embu, walilijua hilo kabla ya umeme kufika: ngoma zao zinazobanwa katikati ya miguu ni ndefu mno.

Kosa linaloharibu vyombo vingi ni la kufungua spika ndogo na kuunganisha koni nyingine kubwa kwenye nyaya zilezile za amplifaya ya ndani. Koni mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya iliyoundwa kwa omu 4 hulazimika kutoa mkondo maradufu hadi ijizime au iungue. Isitoshe, katika amplifaya nyingi za betri, hakuna hata waya mmoja wa spika ulioungana na ardhi ya saketi. Fundi anayedhani ule mweusi ni wa ardhi, akaupeleka kwenye ardhi ya mtambo mwingine, anaweza kuiua amplifaya papo hapo.

Maandishi ya kasha nayo yapokewe kwa tahadhari. Amplifaya inayopata volti 12 pekee, bila kifaa cha kupandisha volti, haiwezi kuipa koni ya omu 4 zaidi ya wati 18 hivi za sauti safi, hata kama kasha limeandikwa wati 2,000. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 7 kwa saa ina wati 84 za saa moja tu. Mtambo unaokula wati 100 ungeimaliza kabla ya saa kwisha, na ibada za Jumapili huku hazimaliziki kwa saa moja.

Njia salama ni sabufa yenye amplifaya yake, inayotumia umeme wa ukutani au jenereta. Sauti hutolewa kwenye mikisa, huingia katika sabufa, kisha sabufa huipeleka kwa spika ndogo baada ya kuchuja besi. Kichujio hicho, ambacho mafundi hukiita krosova, huwekwa kati ya hezi 80 na 120. Hapa ndipo penye faida ambayo wanunuzi wengi huikosa. Sabufa ikiongezwa bila spika ndogo kupunguziwa besi, koni ndogo huendelea kuhangaika kama awali na maneno ya mhubiri huzidi kufifia. Ikipunguziwa, hupumua, na hata sauti ya maikrofoni husafika. Ikiwa spika ndogo haina mahali pa kupokea sauti kutoka mikisa, ni heri fedha zitumiwe kuibadilisha kwanza.

Maikrofoni zenyewe zikatwe besi chini ya hezi 100 kwenye mikisa. La sivyo, kila pumzi, upepo na kishindo cha maikrofoni iliyoanguka kitatoka kwenye sabufa kama radi.

Mahali pa kuiweka pana uzito kuliko bei yake. Sabufa huwekwa chini sakafuni. Ikisogezwa kwenye ukuta wa mawe, besi huongezeka bila gharama yoyote. Ukuta wa mabati hausaidii hivyo, kwani sehemu ya besi hupenya na sehemu huyatikisa mabati yenyewe. Sabufa nyingi zina tundu la milimita 35 juu, ambamo huchomekwa mlingoti wa kuinua spika ndogo juu ya vichwa vya watu. Vikitenganishwa, huenda mawimbi yakapingana: wimbi la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita 4, na tofauti ya mita 2 yatosha kuifuta besi kwa waliokaa sehemu fulani. Dawa yake ni kusimama kati ya wasikilizaji, kugeuza swichi ya fezi na kuchagua upande wenye sauti nene zaidi.

Mngurumo usiokoma wa hezi 50, ambao spika ndogo iliuficha, hujitokeza baada ya sabufa kufika. Mara nyingi huondoka mikisa na sabufa zikitumia soketi moja. Kamwe usikate pini ya ardhi ya plagi ili kuunyamazisha, kwani mwenye kushika maikrofoni ndiye atakayelipa.

Kwa mazishi, mabaraza na wauzaji wa sokoni, sabufa ni mzigo mtupu. Hotuba haina besi, na spika iliyoinuliwa juu hufika mbali zaidi. Hali ni nyingine kwa wapigaji wa mugithi wanaotumia gita moja na midundo ya kinanda, na kwa kwaya zinazocheza.

Kanuni za kudhibiti kelele, zilizotangazwa nchini mwaka 2009, ziliweka kikomo cha desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana, na 35 kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Anayetaka kuzidisha alitakiwa kuomba leseni. Kipimo kinachotumika hufuata usikivu wa sikio la binadamu, hivyo huipunguza besi ya hezi 63 kwa desibeli 26. Katika kesha, mtambo waweza kuonyesha kiwango cha chini ilhali madirisha ya jirani yanatikisika. Kwa sababu hiyo, makundi yenye uzoefu huzima sabufa usiku unapoingia na kuendelea na spika ndogo peke yake.