Mwangwi Unaopima: Historia ya Kihisi cha Ultrasoniki

Kihisi cha ultrasoniki hupima umbali kwa kutoa sauti kali isiyosikika na sikio la binadamu, kusubiri mwangwi wake, na kuhesabu muda uliopita katikati. Muda huo huzidishwa kwa kasi ya sauti, kisha jibu hugawanywa kwa mbili kwa sababu sauti imekwenda na kurudi. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kazi ngumu ilikuwa kuizalisha sauti hiyo na kupima muda mfupi kiasi hicho, nayo ilichukua zaidi ya karne moja. Walioifanya walikuwa wanasayansi, wanamaji, wanajeshi na watengenezaji wa televisheni na kamera. Hakuna kati yao aliyemfikiria kijana anayeunda roboti juu ya meza ya nyumbani.

Popo walitangulia kujiongoza kwa mwangwi. Mwaka 1793, kasisi na mwanasayansi wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliona kwamba bundi hushindwa kuruka katika chumba chenye giza totoro, lakini popo huruka bila kugonga kitu, hata akiwa kipofu. Mwaka uliofuata, Louis Jurine wa Geneva aliziba masikio ya popo, nao wakaanza kujigonga ukutani. Kwa kuwa hakuna aliyesikia mlio wowote, jambo hilo lilibaki fumbo hadi 1938, Donald Griffin alipowaweka popo mbele ya chombo cha G. W. Pierce katika Chuo Kikuu cha Harvard, chombo kilichoweza kunasa sauti zilizo juu ya uwezo wa sikio. Ikadhihirika kwamba popo hupiga kelele muda wote wa kuruka.

Kasi ya sauti majini ilipimwa mapema zaidi. Mwaka 1826, Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm walifanya jaribio katika Ziwa Geneva wakitumia mashua mbili zilizoachana zaidi ya kilomita 13. Upande mmoja kengele iligongwa chini ya maji, na papo hapo baruti ikawashwa juu yake. Upande wa pili Colladon aliuona mwanga, akategesha sikio kwenye bomba lililozamishwa ziwani, akahesabu sekunde tisa na ushei hadi mlio ulipofika. Walipata kasi ya takriban mita 1,435 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi ya sauti hewani.

Kuzama kwa meli ya Titanic mwezi Aprili 1912 kuliigeuza elimu hiyo kuwa hitaji. Wiki chache baadaye, Mwingereza Lewis Fry Richardson aliomba hataza ya kugundua vikwazo kwa mwangwi. Mwaka 1914, Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada, alipata mwangwi wa mlima wa barafu kutoka umbali wa kilomita tatu hivi, akiwa ndani ya meli ya serikali ya Marekani iitwayo Miami. Hata hivyo, chombo chake kilitoa sauti ya hezi 540 tu, yenye mawimbi ya karibu mita 2.7 majini. Mawimbi marefu namna hiyo hutawanyika kila upande, hivyo mwangwi ulieleza umbali bila kuonyesha vizuri mahali kitu kilipo. Ili sauti ielekezwe kama mwali wa tochi, mawimbi yalipaswa kuwa mafupi, yaani sauti iwe ya juu sana.

Suluhisho lilitoka Ufaransa. Mwaka 1880, ndugu Jacques na Pierre Curie walikuwa wamegundua kwamba fuwele kama kwatzi zikibanwa huzaa umeme. Mwaka uliofuata walithibitisha kinyume chake, kwamba zikipewa umeme hujikunja na kujinyoosha. Vita vya 1914 vilipoanza na nyambizi za Ujerumani zikaanza kuzamisha meli, Paul Langevin, mwanafunzi wa zamani wa Pierre Curie, alibandika vipande vya kwatzi kati ya sahani mbili za chuma na kuvitetemesha kwa umeme. Kifaa kimoja kiliweza kutoa sauti na kuupokea mwangwi, na mapema 1918 mwangwi wa nyambizi ulinaswa. Baada ya vita, kazi hiyo iligeukia kina cha bahari. Tangu zamani, mabaharia wa majahazi na wa meli kubwa walikuwa wakitia bildi, kamba yenye risasi kwenye ncha yake, na katika bahari kuu kipimo kimoja kilikula saa kadhaa. Meli ya Ujerumani Meteor, iliyofanya utafiti katika Atlantiki ya Kusini kati ya 1925 na 1927, ilichukua vipimo zaidi ya 67,000 kwa mwangwi.

Kuhamia hewani kulihitaji vifaa vya bei nafuu. Mwaka 1956, kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti ya televisheni isiyotumia betri: nyundo ndogo ziligonga fimbo za alumini, na televisheni ikatii mlio usiosikika. Rimoti zilizofuata, pamoja na ving'ora vya kuzuia wizi, zilitumia visahani vya kauri vinavyotetemeshwa kwa umeme, vingi vikiwa vya kilohezi 40 hivi. Mwaka 1978, Polaroid ilitoa kamera ya SX-70 Sonar iliyopima umbali wa mtu kwa mwangwi na kuizungusha lenzi yenyewe kabla ya kupiga picha. Iliweza kulenga hata gizani, lakini ukipiga picha kupitia dirishani ilikilenga kioo, kwa kuwa sauti ilirudishwa na kioo hicho. Polaroid iliuza pia kihisi hicho peke yake, na maabara za roboti zikakichangamkia. Kufikia 1985, Hans Moravec na Alberto Elfes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walikuwa wakichora ramani za vyumba kwa roboti iliyozungushiwa vihisi vya aina hiyo.

Kilichobaki ni ubongo wa bei ndogo wa kupima muda. Bodi ya Arduino, iliyozaliwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, iliuleta, na kihisi cha HC-SR04 kikawa mwenzake wa kawaida. Kina macho mawili ya mviringo, T la kutoa sauti na R la kuipokea, na pini nne: Vcc, Trig, Echo na Gnd. Trig ikipewa umeme kwa mikrosekunde 10, jicho la T hutoa mapigo manane ya kilohezi 40. Echo huwaka hadi mwangwi urejee, na muda wa kuwaka kwake kwa mikrosekunde ukigawanywa kwa 58 hutoa sentimita. Kitu kilicho mita moja mbele hurudisha mwangwi baada ya mikrosekunde 5,800 hivi. Kihisi kimekusudiwa umbali wa sentimita 2 hadi mita 4.

Hiyo 58 inafaa hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi, ambamo sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Katika nyuzi 35 kasi hufika mita 352, na ukuta ulio mita 2 husomeka kama mita 1.96, ndiyo maana miradi makini huongeza kipimajoto. Sponji na nguo nzito humeza sauti, ubao ulioinama huitupa kando, na vihisi viwili vikilia pamoja hupokezana miangwi. Siku hizi vipo vihisi vidogo vinavyotumia leza badala ya sauti, vyenye mwali mwembamba na usomaji wa haraka zaidi. Lakini mwanga hupenya kioo na maji maangavu, ilhali sauti hugonga na kurudi. Kwa sababu hiyo kupima ujazo wa tangi la maji, au kuizuia roboti isigonge mlango wa kioo, bado ni kazi ya mwangwi.